Hakuna Habari, Kheri Tu

Jambo hili alinisimulia kwanza mama mkwe wangu, Bi Shamsa binti Khalfan wa kijiji cha Ghulail kule mlimani, siku ya tisa tangu niolewe. Tulikuwa tumekaa mlangoni tunapukuchua makomamanga, vidole vimetuwia vyeusi kwa utomvu. Naanza na jina lake ili mtu asiseme nimejitungia. Mimi si msemaji. Nilisoma mpaka darasa la sita, na tangu hapo mambo yangu mengi nimeyasema moyoni tu. Hili nalo nilitaka kulinyamazia, ila lenyewe limekataa kunyamaza.

Bi Shamsa alizaa watoto wawili: Nabhan, ambaye ni mume wangu, na Mizna, dada yake mdogo. Mizna sikumkuta. Nilipoolewa alikuwa ameshazikwa miaka minne, na chumba nilichopewa kilikuwa chake.

Alifariki msimu wa mawaridi, akiwa na miaka kumi na tisa. Alitoka alfajiri na kikapu chake kwenda kuchuma maua kabla jua halijayanyausha, kama wanawake wote wa mlimani wafanyavyo. Jua lilipochomoza wakamkuta chini ya ukuta wa shamba la chini. Hana jeraha. Hana tone la damu. Baridi tu, kama jiwe la mferejini. Wakamwosha kwa majani ya mkunazi, wakamzika kabla ya alasiri.

"Mimi mwenyewe nilimwosha," Bi Shamsa aliniambia, mikono haiachi kupukuchua. "Mizna alikuwa na kovu hapa." Akanigusa kifundo cha mkono wa kushoto. "Aliungua kwenye tanuri la marashi, mtoto wa miaka minane. Kovu kama mwezi mchanga. Yule niliyemwosha hakuwa nalo."

Waoshaji wenzake walimwambia machozi yamemdanganya. Yeye akashikilia kwamba alichozika ni gogo la mtende lililovikwa sura ya mwanawe.

Kwetu watu wa namna hiyo huitwa waliofichwa. Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Unguja, aliwaita misukule, na neno hilo likitajwa nyumbani taa ziliwashwa hata mchana. Mchawi humchukua mtu, huacha mfano wake ufe na uzikwe, na mwenyewe humtumikisha mahali pasipojulikana. Bi Shamsa alisema waliofichwa huachiwa muda mfupi tu, baina ya azana ya magharibi na giza. Hawawezi kutaja majina yao. Hawawezi kusema nipelekeni nyumbani. Ulimi wao umefungwa kwa kila neno, isipokuwa salamu na lile ambalo msafiri yeyote humuuliza mwenzake njiani.

Kuna habari?

Na sisi sote tangu utotoni tumefundishwa jibu moja. Hakuna habari. Hata kama umetoka kuzika, hata kama mafuriko ya bondeni yameshuka na nyumba yako, kwanza unasema hakuna habari, kheri tu. Unaketi. Unakula tende. Unakunywa kahawa, na ukishatosheka unatikisa finjani kwa vidole ili usimiminiwe tena. Hapo ndipo unapokohoa na kusema fulani amefariki. Mtu anayetoa habari mlangoni hana malezi.

"Aliyefichwa akikuuliza," Bi Shamsa akasema, "usimjibu kwa adabu. Mwambie: kuna habari, unaitwa nyumbani. Umtaje kwa jina. Hapo kamba inakatika. Lakini akiambiwa hakuna habari na watu watatu wa nyumba yake, basi tena. Anajua hatafutwi. Hatoki."

Sikumuuliza yeye amejuaje. Niliona haya kuuliza. Jioni ile nilimpigia dada yangu simu, nikamsimulia nikiwa nimejifunika blanketi ili sauti isitoke, tukacheka mpaka tukalia. Nilimwita mama mkwe wangu "bibi wa gogo". Hata nikiandika sasa naona uso unaniwaka.

Mwaka wa pili wa ndoa nikajaliwa mtoto wa kike, Rayya. Nilijifungulia kwa mama yangu, pwani, na arubaini ilipokwisha Nabhan akaja kutuchukua tukamwonyeshe bibi yake. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, makomamanga yameshachumwa, baridi imeanza kule juu. Nyuma ya pikapu tulipakia gunia la unga, mtungi wa gesi, papa mkavu aliyefungwa kwa gazeti, na dawa za presha za Bi Shamsa ambazo Nabhan alizificha chini ya kiti zisipigwe na jua. Tuliondoka Nizwa, mji wa chini ya mlima, baada ya alasiri.

Penye kizuizi cha polisi chini ya mlima walitusimamisha, maana gari isiyovuta magurudumu yote manne hairuhusiwi kupanda. Askari aliinama, akachungulia chini, akauliza kama breki ni nzima. Nabhan akamwambia breki nzima, dereva tu ndiye mbovu. Askari akacheka, akaniinamia dirishani.

"Na mama wa mtoto anasemaje? Ni mbovu kweli?"

Nikaangalia mapajani.

"Huyo usimsumbue," Nabhan akasema. "Hata mbuzi akimsalimu anaangalia chini."

Ilikuwa kweli, na nilitabasamu ndani ya shela.

Tukapanda. Nabhan alitia gia ya pili, gari ikaguna kama mzee anayepanda ngazi. Masikio yakaziba. Rayya akaanza kulia, nikamnyonyesha yakazibuka. Ile njia naipenda, sitasema uongo. Unapanda na majabali yanabadilika rangi, kutoka majivu mpaka rangi ya mkate uliokaangwa. Kila kona ukigeuka nyuma unaiona barabara uliyopita imelala chini kama uzi uliodondoka sindanoni. Kisha yanaanza mashamba, vipande vya kijani vilivyopangwa ngazi kwa ngazi juu ya genge, kila kimoja kikinyweshwa na mfereji wa kile kilicho juu yake. Mawingu yalikuwa chini yetu. Nilimwinua Rayya ayaone, Nabhan akacheka kwamba mtoto wa siku hamsini anaona ziwa la mama yake tu.

Nabhan ni mtu wa maneno. Husimulia, huimba, humtukana kondoo aliyesimama barabarani kama wanajuana. Lakini kuna mahali hunyamaza, nusu saa kwa miguu kabla ya kijiji, panaitwa Kona ya Mkunazi. Mkunazi mmoja mkubwa umetoka mwambani, mfereji unapita chini ya mizizi yake, na upande wa pili ni bonde. Kila tulipofika hapo aliwasha Kurani kwenye redio na kukanyaga mafuta. Nilipomuuliza mara moja alisema ni kona mbaya.

"Hapa hatusimami," alisema.

Siku ile gari ilisimama yenyewe.

Moshi mweupe ulitoka mbele, injini ikazimika. Nabhan akashuka, akafunua boneti, akarudi akichukua dumu la maji chini ya miguu yangu. Lilikuwa tupu. Maji yale nilikuwa nimeyatumia mimi kule Nizwa, kuoshea nguo za mtoto, na sikumwambia kwa haya. Alilitikisa dumu, akanitazama. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Alisema rejeta imekauka. Mferejini palepale maji yalikuwa kina cha vidole viwili, hayateki dumu, kwa hiyo atashuka mpaka kwenye birika la kuhifadhia maji ya mashamba, dakika kumi, atarudi. Akapiga hatua mbili, akasimama. Akauangalia mkunazi, kisha akaniangalia mimi.

"Usimfungulie mtu," akasema. "Na ukisemeshwa..."

Hakumaliza. Akashuka ngazi za mawe, kichwa chake kikazama.

Ng'ambo ya bonde, Ghulail ilikuwa imeanza kuwasha taa. Azana ya magharibi ikatufikia nyembamba, imechanikachanika kwa upepo. Ilipokwisha ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni, polepole, ukishika jiwe moja baada ya jingine. Nikapandisha vioo. Nikamfunga Rayya ndani ya shela langu. Nilikuwa nasikia maji ya mfereji tu... chururu... chururu...

Kisha yakanyamaza.

Sijui nieleze vipi. Maji hayakukauka, niliyaona yakienda. Sauti ndiyo iliyokatika.

Halafu ikaja harufu. Marashi yetu ya mlimani hayafanani na yale ya chupa za dukani. Kwanza unanusa moshi, kuni na udongo wa tanuri, na waridi hufuata nyuma. Msimu ukifika kijiji kizima hunuka hivyo, mpaka mkate. Lakini msimu ni wa mwezi wa nne. Mwezi wa kumi na moja hakuna tanuri linalowashwa, wala waridi moja shambani.

Harufu ikajaa garini na vioo vimefungwa.

Kwaru... kwaru...

Ni sauti ya kikapu cha ukili kinapogusa nguo ya anayetembea.

Alitoka upande wa bonde, pale ambapo hapana njia. Mwanamke mwembamba, shela la rangi ya chungwa kama wanavyovaa wasichana wa mlimani, uso umefunikwa mpaka machoni. Alitembea kama mtu aliyechoka kazi, si kama jini. Ndivyo nilivyojiambia. Nikajiambia ni mke wa mfugaji, hupita hapa jioni kurudisha mbuzi. Lakini mbuzi sikuwaona, na kikapu kilikuwa kitupu.

Akasimama dirishani kwangu.

Pumzi yangu ilitia ukungu kwenye kioo. Yake, sikuona kitu.

"Salaam alaykum, mwenye mtoto," alisema. Sauti ndogo, ya haya. Kama yangu.

Niliitikia. Ni lazima kuitikia. Rayya aliacha kunyonya, akageuza kichwa.

Mwanamke akainama kidogo. Macho yake yalikuwa ya Nabhan, yaleyale, yenye kope ndefu zisizo na faida kwa mwanamume. Akainua mkono wa kushoto, akauweka kwenye kioo. Mkono wa nguo yake ukateremka.

Kovu. Kama mwezi mchanga.

"Kuna habari?" akauliza.

Na ulimi wangu ukajibu. Haukuniuliza. Ulijibu kama ulivyojibu maisha yangu yote, mlangoni kwa jirani, msibani, harusini.

"Hakuna habari."

Hilo la kwanza naweza kujisamehe. Nimefundishwa hivyo, ni mazoea, ulimi hauna mfupa. Lakini yeye hakuondoka. Alibaki ameinama, mkono kiooni, kama mtu aliyebisha hodi akasikia vyombo vikigongana ndani.

"Hakuna kabisa?" akanong'ona.

Nilikuwa na muda. Wakati huo nilikuwa nimeshamjua. Sikuwa na shaka hata ya kuazima. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni: kuna habari, unaitwa nyumbani, Mizna. Maneno matano. Nilihofia mtoto, ndiyo, nilimkumbatia mpaka akalia. Lakini si hofu iliyonifunga mdomo.

Nilifikiria chumba.

Nilifikiria kwamba Bi Shamsa, mara mbili tatu kwa siku, husahau na kuniita Mizna. Mizna, niletee kibiriti. Mizna, mwanangu, umekula? Kwetu tulizaliwa wasichana saba, na mimi wa tano, hakuna aliyewahi kuniita mara mbili kwa jina langu wala kwa la mtu mwingine. Nilikuwa nimezoea kuitwa hivyo. Nilikuwa naitika. Nikawaza, huyu akirudi, mimi nitaitwaje?

"Hakuna," nikasema. "Kheri tu."

Akaniangalia. Hakukasirika. Kama angekasirika ningelala usiku. Alitoa mkono kwenye kioo, akauinua, akautikisa kwa vidole mara mbili, taratibu, kama mtu anayetikisa finjani.

Nimetosheka. Usinimiminie tena.

Akageuka. Kwaru... kwaru... Ukungu ukamchukua kuanzia miguuni.

Maji yakarudi kusikika.

Nabhan alifika akihema, dumu limejaa. Alipofika mbele ya gari alisimama, nikaona pua yake ikipanda na kushuka. Alimimina maji kwenye rejeta, akafunga boneti, akaingia. Aliniuliza kama kuna mtu amepita. Nikamwambia hakuna. Baada ya kona mbili akasema, kama anayejisemea, kwamba wake wa wafugaji hupita pale jioni. Nikasema ndiyo, hupita.

Redio hakuiwasha.

Bi Shamsa alitupokea na taa mlangoni. Alimchukua Rayya, akamnusa shingoni, akamwambia maneno ambayo bibi huwaambia wajukuu, kwamba amemchelewesha, kwamba ni mbaya hana sura, ili jicho lisimpate. Alikuwa ameshatandika mkeka, tende, halua, birika la kahawa. Na finjani nne. Sisi watu wazima tulikuwa watatu. Kila siku alitoa nne, na ile ya nne aliimimina na kuiacha ipoe. Nilikuwa nimeshaizoea kama watu wanavyozoea saa iliyosimama ukutani.

Tukaketi. Akauliza kama adabu inavyotaka.

"Kuna habari?"

Nabhan aliangalia tende.

"Hakuna habari, mama," nikasema mimi. "Kheri tu."

Nikanywa finjani ya kwanza. Nikanywa ya pili. Kwa mila yetu, hapo ndipo mlango wa kweli unapofunguliwa. Alinisubiri. Nilihisi anavyonisubiri, birika mkononi. Nikatikisa finjani.

"Umetosheka?" akaniuliza.

"Nimetosheka."

Akaiangalia ile finjani ya nne, halafu akanitazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema mtoto amechoka, tukalale. Safari hii aliniita kwa jina langu. Zuwena. Nenda kalale, Zuwena.

Kuhusu usiku ule sina la kusema. Nililala chumbani kwa Mizna, kitandani kwa Mizna, na macho yangu hayakufumba.

Alfajiri nilimkuta Bi Shamsa jikoni anakaanga buni. Nilisimama mlangoni nimemshika Rayya. Sikuketi wala sikusubiri kahawa. Nikasema yote, maji ya kufulia, harufu, kikapu, mkono kwenye kioo. Nikasema jibu la kwanza. Nikasema na la pili, kwa sababu la pili ndilo langu. La chumba pia nikalisema, na la kuitwa. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

Nilitegemea atanipiga. Au atanifukuza. Aliendelea kugeuza buni mpaka zikaanza kuungua, naye hakuwahi kuunguza buni.

"Mimi nilikuwa wa kwanza," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ya arubaini ya msiba. Nilikuwa mferejini naosha sufuria. Mwanamke akanijia kwa nyuma, amejifunika. Akaniuliza kuna habari." Akaepua kikaango. "Nimetoka kumzika mwanangu wa pekee wa kike. Mji mzima unajua. Nikamjibu kama alivyonifundisha mama yangu. Hakuna habari, kheri tu. Niliposikia sauti ya kikapu nikageuka, ameshapita, naona mkono tu. Mganga wa bondeni ndiye aliyenieleza sheria yake. Nilimwendea nimeshachelewa."

Nje, Nabhan alikuwa ameinamia gari, anajaza rejeta. Ilikuwa imejaa tangu jana. Maji yalikuwa yanamwagika chini na yeye anaendelea kumimina, ametugeuzia mgongo.

"Na huyo wa pili," Bi Shamsa akasema kwa sauti ya chini. "Hajaniambia mpaka leo. Lakini mwaka aliponunua gari alifika hapa jioni moja akanywa finjani kumi na moja, hatikisi, anaangalia mlango. Sikumuuliza. Nilijua nikimuuliza atasema hakuna habari."

"Mama, mbona hukuniambia? Mbona hukusema kwamba mmeshakuwa wawili?"

"Ningesema vipi?" akajibu. "Kwa mkwe? Siku ya tisa?" Kisha akaniangalia, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na haya. Haya ileile yangu. "Lile nililokuambia nilikuambia kwa sababu ulikuwa umebaki wewe peke yako."

Buni zilikuwa zinafuka. Rayya alipiga chafya.

Bi Shamsa akamgusa mguu. "Wanasema watatu," akasema. "Labda ni wanne. Nani aliyehesabu?"

Nikatoka. Nabhan aliinua kichwa. Sikuchukua gari. Nilishika njia ya zamani ya punda, inayokata katikati ya mashamba, mtoto mgongoni kama bibi yangu alivyokuwa akibeba. Jua lilikuwa linagusa ncha za majabali. Miwaridi imekatwa, vikonyo vitupu. Nusu saa nikawa Kona ya Mkunazi.

Hapakuwa na kitu. Alama za matairi yetu, doa la maji ya rejeta. Nilitafuta alama za miguu upande wa bonde, hapakuwa na mahali pa mguu kukaa, mwamba umesimama wima.

Nilikwenda nikiwa nimeazimia kupiga kelele. Bonde lile hurudisha kila sauti, watoto wa Ghulail huenda kulichezea kwa kuitana majina. Nikafungua mdomo, haya ikanikaba. Nilikuwa peke yangu mlimani na bado niliona haya. Basi nikamshusha Rayya mgongoni, nikampakata chini ya mkunazi, nimeupa mfereji mgongo. Nikakumbuka azana anayosomewa mtoto anapozaliwa, sikioni, taratibu. Nikainamia sikio lake la kulia.

"Kuna habari," nikamwambia. "Kuna habari, Mizna. Unaitwa nyumbani."

Nikarudia, ili alijue neno hilo kabla ya kujua jingine. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kisha nikaanza kutoa habari zenyewe, za miaka sita yote, kama mtu aliyeshatikisa finjani. Mama yako ana presha. Kaka yako ameoa, ameoa mwoga. Mlozi wa nyuma umeanguka. Chumba chako kipo, nakilalia mimi, nitahama. Nilisema mpaka nikawa nasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu, na bonde halikurudisha hata neno moja. Yote yaliingia yakabaki.

Hapo Rayya alitabasamu. Wazee husema mtoto wa siku hamsini hutabasamu usingizini tu, hutabasamia malaika. Yeye alikuwa macho. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu, kama anavyoangalia uso wa mtu.

Chururu ya mfereji ilikatika.

Moshi kwanza. Waridi likafuata nyuma.

Nilikaa vile, sithubutu kugeuka... sijui muda gani. Mpaka mtoto akaacha kutabasamu, maji yakasikika, jua likanifika miguuni. Nikamfunga mgongoni, nikapanda.

Bi Shamsa alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yake mkeka, birika, finjani nne. Nabhan alikuwa ameketi, mikono magotini. Bi Shamsa aliniuliza kwa yale maneno.

"Kuna habari?"

Sikusubiri kahawa.

"Ipo, mama," nikasema. "Nimemwita. Lakini sikugeuka kuona kama amenifuata."